Suruali ya Ferdie Haisemi Uongo

Ndege niliyopanda kwenda London ilipita kila mahali isipokuwa London. Ilitua Khartoum, ikatua Cairo, kisha ikatuacha Moscow siku mbili katika ukumbi wa kusubiria, mimi na koti la mtumba ambalo muuzaji wa soko la Nakuru aliniapia kuwa ni la baridi kali. Lilikuwa koti la mvua. Nililivaa pamoja na mashati yangu yote manne, nikala mkate mweusi kama udongo wa Njoro, nikajiambia kwamba safari inayoanza vibaya hivi haina pa kwenda ila kutengemaa.

Baba alikuwa ameambiwa naenda kusomea uhasibu. Mimi ndiye niliyemwambia. Katika begi nilikuwa na vyeti vyangu vya sekondari, kaseti kumi na tisa za rege, bisibisi mbili na chuma changu cha kulehemu, kwa kuwa nilikuwa fundi redio miaka mitatu kabla ya kuwa mwongo. Ofisa wa uwanja wa ndege wa London alikishika kile chuma kwa vidole viwili, kama aliyeshika mkia wa panya.

"Unakuja kusoma nini?"

"Uhasibu, bwana."

Akakitazama chuma, akanitazama mimi, akagonga muhuri. Nadhani alikuwa amechoka.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nayaandika haya kwa ajili yenu vijana mnaoshika mitambo ya muziki leo, mnaoniuliza nilivyoanza na kwa nini nimestaafu nikiwa na miaka arobaini na kidogo, umri ambao wenzangu wa shule ndio kwanza wanapewa ofisi zenye dirisha. Jibu la swali la pili liko mwishoni. Msiruke.

Nilifikia Wembley kwa Dada Wanjiku, binti wa mama mkubwa, muuguzi, mwanamke asiyependa kuona mtu ameketi. Siku ya tano akanitafutia kazi ya kufagia ukumbi wa kanisa karibu na kwake. Jumamosi ya kwanza, nikiwa na mopu mkononi, wakaingia watu wanane na spika mbili kubwa kuliko kabati la nguo la mama yangu. Wakaunganisha nyaya, wakawasha, na spika zikaanza kunguruma zenyewe, mngurumo ule mzito usiokoma.

Walikuwa bendi ya rege iitwayo Back Gate, yaani Lango la Nyuma, kwa sababu walianzia mazoezi katika gereji ambayo mlango wake wa mbele haukufunguka. Wengi wao walizaliwa hapohapo London, watoto wa watu waliotoka Jamaika. Mwimbaji na kiongozi wao alikuwa Carlton, kijana mrefu aliyetembea kama aliyesikia muziki ambao sisi wengine hatukuusikia. Gitaa la besi lilipigwa na Yvonne, mwanamke mfupi, mpole, aliyeweza kukutukana bila kuinua macho. Na fundi wao wa sauti alikuwa Ferdie, seremala wa makamo aliyezaliwa Jamaika kwenyewe, ambaye spika zile mbili alizichonga kwa mikono yake. Wote walimwita Anko Ferdie. Spika waliziita Mashangazi, kwa kuwa zilikuwa pana, zilikaa mbele, na hazikukubali kunyamazishwa.

"Nani ameleta ng'ombe humu ndani?" Carlton akauliza, mngurumo ukiendelea.

"Mwimbaji," Ferdie akajibu. Baadaye nilijua kwamba hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila hitilafu duniani. Fyuzi imeungua? Mwimbaji. Gari halina mafuta? Mwimbaji. Mvua? Mnajua.

Mimi nikaweka mopu chini. Redio nyingi za Nakuru zilikuwa zimeningurumia hivyohivyo. Nikafuata nyaya kwa mkono mpaka nikaona mmoja ambao uzi wake wa nje umekatika ndani ya plagi. Nikaenda mbio kwa Dada Wanjiku, nikarudi na chuma changu, nikalehemu. Ukumbi ukanyamaza.

"Wewe unatoka wapi?" Ferdie akaniuliza.

"Nakuru."

"Basi, Nakuru, hebu simama pale."

Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita jina langu la ubatizo. Pale alipoonyesha palikuwa hatua kumi mbele ya Mashangazi. Kumbe bendi ile ilikuwa na sheria moja tu: onyesho halianzi mpaka suruali itikisike. Ferdie alikuwa na suruali pana ya kahawia, kitambaa chepesi, aliyoivaa kwa ajili hiyo tu. Alisimama hatua kumi, Yvonne akapiga noti nzito, na Ferdie akatazama magoti yake. Suruali ikipepea, tuko tayari. Isipopepea, tunahamisha Mashangazi, tunawageuza, tunawainua juu ya matofali, hata kama watu wamekwisha kaa na pilau linapoa.

Siku ile alitaka kuona kama suruali yangu nayo ingepepea. Ilikuwa ya shule, ya kitambaa kigumu cha tergali, nyembamba. Haikutikisika hata uzi.

"Sikio hudanganywa na kila kitu," Ferdie akasema. "Divai, mapenzi, mwimbaji. Suruali haisemi uongo. Katafute pana."

Jumatatu nikaacha kufagia. Uhasibu sikuusoma hata ukurasa mmoja, ingawa kila mwezi nilimwandikia baba kuhusu maendeleo yangu, na alinijibu kwa maswali ambayo nililazimika kuyapeleka maktaba.

Vifaa vyangu vya kazi kwa miaka mitano ya kwanza vilikuwa hivi: chuma cha kulehemu, tochi, penseli, utepe mweusi na kipande cha chaki cha kuandika miguu ya Mashangazi ilipo. Ferdie alinifundisha kuukunja waya mrefu kwa kuufuata unavyotaka wenyewe, si kuuzungusha kwenye kiwiko kama kamba ya ng'ombe. Alinifundisha kusikiliza ukumbi kwa kupiga makofi kabla ya kushusha mzigo. Alinifundisha pia kula mapema, kwa sababu ukisubiri waalikwa washibe, utakula leso.

Tulipiga kokote. Kumbi za makanisa, sherehe za mitaa, na zaidi harusi. Harusi ndizo zilizotupeleka Harrow, kwenye ukumbi wa Bwana Harish.

Bwana Harish alizaliwa Kisumu, akasoma Kisumu, akahama na wazazi wake, na alikuwa hajawahi kuisamehe London kwa kutokuwa na ziwa. Aliponisikia nikijilaani kwa Kiswahili ngazini, mguu umebanwa na Shangazi mmoja, alitoka ofisini karibu kunikumbatia.

"Wa wapi wewe?"

"Nakuru, mzee."

"Nakuru! Mji wa vumbi!"

"Na nyinyi wa Kisumu mna mbu, mzee."

"Mbu wetu wana adabu, wanabisha hodi. Ingia, unywe chai. Lakini kwanza uone kile."

Akanionyesha kisanduku ukutani chenye taa tatu kama za barabarani. Kilikuwa kimefungwa kwa sababu majirani walilalamika. Muziki ukiwa wa kiasi, kijani. Ukipanda, njano. Ukikaa kwenye nyekundu sekunde chache, kisanduku kinakata umeme wa jukwaa wote, na bwana harusi anabaki akicheza na pumzi zake.

Tukapanga vyombo, Yvonne akapiga noti ya kwanza. Suruali ya Ferdie ikapepea. Taa ikawa nyekundu, umeme ukakatika. Tukapunguza. Taa kijani, suruali ikalala kama bendera isiyo na upepo. Mara nne hivyo. Nje, waalikwa wanaegesha magari.

Nikazunguka nikitafuta sikio la kile kisanduku. Nililipata: kimaikrofoni kidogo kilichoning'inia juu ya mlango wa jikoni. Ferdie alivaa daima kofia nzito ya sufi iliyofumwa na dada yake. Nikamwomba. Akanipa bila kuuliza. Nikapanda kiti, nikakivika kile kimaikrofoni kofia mpaka mabegani.

Taa ikawa kijani alasiri nzima. Mashangazi wakaimba, bibi wa Harrow wakacheza na sari zao zimekunjwa viunoni, na Bwana Harish akapita mara tatu akitazama ile taa ya kijani kwa mshangao wa mtu aliyeona paka akifuata sheria.

Lakini siku hiyohiyo, katikati ya raha ile, niligundua jambo. Maikrofoni moja ilianza kupiga mluzi. Ninyi mafundi mnaujua: ule mlio mwembamba unaochoma kama sindano, sauti inapotoka kwenye spika na kurudi kwenye maikrofoni. Watoto wakaziba masikio. Bibi mmoja akaangusha sahani. Nikamtazama Ferdie kwenye meza ya sauti, mita mbili kutoka kwangu. Alikuwa akitabasamu, anaitazama suruali yake.

Hakuwa akiusikia.

Nikanyoosha mkono mbele yake, nikashusha kitufe. Mluzi ukafa. Ferdie akautazama mkono wangu, kisha uso wangu, na tabasamu likaondoka polepole.

Tukiwa peke yetu kwenye gari la mizigo, akasema, "Umejua lini?"

"Leo."

"Wengine?"

"Sidhani."

Akanieleza kwa kifupi. Miaka thelathini ya misumeno ya umeme mchana na spika za muziki wikendi. Sauti nyembamba ziliondoka kwanza: ndege, kengele ya mlango, herufi za mwisho za maneno. Besi ilibaki, kwa kuwa besi huingia kwa tumbo. Ndiyo maana ya suruali. Tulidhani ni falsafa ya mzee. Ilikuwa fimbo ya kipofu.

"Mke wangu amekufa, Nakuru," akasema. "Watoto wako Toronto. Mimi nina Mashangazi wawili na hawa wapumbavu saba. Carlton akijua, ataniaga kwa heshima na saa ya ukutani ya wastaafu. Sitaki saa."

Nikamwambia hatapata saa.

Basi tukatunga lugha. Mimi nilisimama kando ya jukwaa, mahali ambapo Ferdie aliniona. Nikigusa sikio, sauti nyembamba zimezidi. Nikigusa pua, mwimbaji hasikiki. Kidevu, kinanda. Nikishika mshipi, besi imezidi, ingawa huo Ferdie hakuutii kamwe. Mikono yake ilikuwa bado na akili zote. Ilihitaji tu kuambiwa. Na onyesho letu likawa safi kuliko zamani.

"Nakuru, una viroboto?" Yvonne aliniuliza baada ya wiki tatu.

"Ni maji ya London. Yananiwasha."

"Yanakuwasha puani Carlton akiimba tu?"

"Carlton anaimba vibaya. Mwili wangu unakataa."

Akanitazama kidogo, akarudi kusafisha nyuzi zake. Nikajiona mjanja sana.

Miaka hiyo bendi ilibadilika. Carlton alianza na nyimbo za manabii na minyororo. Akapata mchumba, zikawa nyimbo za mapenzi. Mchumba akaondoka, nyimbo zikawa bora. Wimbo mmoja wa kuachwa ulirekodiwa, redio zikaupenda, na ghafla Lango la Nyuma likawa linaingia kwa mlango wa mbele. Tukaitwa kwenye viwanja vya wazi vyenye matope na vyoo vya plastiki. Kinanda kikaunganishwa na kompyuta. Mpiga ngoma akapewa mashine ya kumsaidia, akainunia mwaka mzima, halafu akaipa jina la mama mkwe wake.

Kampuni ya rekodi ikatutumia mtu wa kusimamia safari, kijana mwenye viatu vilivyochongoka, aliyesema kila mara kwamba sauti yetu lazima ipande daraja. Alimtazama Ferdie kama watu wanavyotazama kochi la zamani kabla ya kuita gari la taka. Nikamsikia akimwambia Carlton kwamba mzee hasikii vizuri, na kwamba yeye ataleta fundi wake mwenyewe.

"Tutampima," Carlton akajibu. "Jumamosi, mbele ya wote."

Siku hiyo nilimchukia Carlton kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Jumamosi tukakusanyika katika ukumbi uleule wa kanisa nilioufagia. Carlton akamwambia Ferdie asimame akiutazama ukuta, atupe sisi mgongo. Lugha yangu yote ya pua na masikio ikawa haina kazi. Maikrofoni sita zilikuwa jukwaani. Moja ingepigishwa mluzi. Ferdie aseme ni ipi. Yule wa viatu vilivyochongoka akakunja mikono kifuani.

Mluzi ukalia. Mimi nilitamani kudondosha kitu, kuanguka, kuwasha moto. Nikautazama mgongo wa Ferdie. Haukushtuka hata kidogo. Hakujua kama jaribio limeanza. Alisubiri tu, mpaka Carlton akapaza sauti, "Haya, Anko, nani ana makosa?"

"Mwimbaji," Ferdie akauambia ukuta. "Siku zote ni mwimbaji."

Ukumbi ukaangua kicheko. Yule kijana akatazama jukwaani. Maikrofoni iliyokuwa ikilia ilikuwa kweli ya Carlton.

"Umeridhika?" Carlton akamuuliza yule kijana. Naye akaondoka, na Ferdie akabaki.

Nilisema ni bahati. Nilimshukuru Mungu wa mafundi kwa jinsi alivyoelekeza kidole. Ferdie akafanya kazi miaka mingine mitatu, mpaka yeye mwenyewe aliposema magoti yamekataa ngazi. Akarudi Jamaika kwa dada yake aliyefuma ile kofia. Hakuna aliyemfukuza, na saa ya ukutani hakupewa. Mimi aliniachia suruali.

Nikaikalia meza ya sauti. Sitawachosha kwa miaka hiyo. Miji ilipita, meza zikawa za kidijitali, Mashangazi wakabadilishwa matumbo lakini si ngozi. Nilikuwa mtu wa kutotulia, kazi ile ilinifaa. Nilijua kila kituo cha mafuta kutoka London hadi Aberdeen. Kabla ya kila onyesho nilivaa suruali ya Ferdie, nikasimama hatua kumi. Wahandisi wa kumbi kubwa walinicheka, wakaja na vipimo vyao vya mkononi, na vipimo vikakubaliana na suruali.

Dada Wanjiku ndiye aliyeanza. "Simu yangu inalia na wewe umekaa juu yake." "Nimekuita mara tatu." "Kwani redio yako unataka isikike mpaka Tooting, ng'ambo ya jiji?" Mimi nilikuwa na majibu. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nawaza, Wembley ina kelele. Kwa mtu aliyemficha Ferdie miaka saba, nilijificha vizuri sana, hasa kutoka kwangu mwenyewe.

Kisha, alasiri moja ya mazoezi, Yvonne akagusa sikio lake. Mkono wangu ukashusha sauti nyembamba. Dakika chache baadaye mpiga kinanda akajikuna kidevu. Nikapandisha kinanda. Mpiga ngoma akashika pua, nami kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha Carlton ndipo nikaganda.

Nikasimamisha wimbo.

"Yvonne," nikasema. "Tangu lini?"

Hakuna aliyejifanya hajaelewa.

"Tangu lile onyesho la Bristol," akasema. "Kama miaka miwili."

"Na Carlton anajua?"

"Carlton ndiye aliyepanga nani aguse wapi. Mimi nilitaka pua."

Nikamgeukia Carlton. Mvi zilikuwa zimemjaa ndevuni. Alikuwa akicheka bila sauti, au labda kwa sauti.

"Nakuru," akasema, akikaribia ili nimsikie, "mtu anasimama kando ya jukwaa langu miaka saba akijikuna pua kila ninapofungua mdomo. Ulidhani sioni? Ulidhani tulikuwa bendi ya vipofu?"

"Mlijua kuhusu Ferdie?"

"Kabla yako."

"Na lile jaribio la ukutani?"

"Unadhani nani alichagua maikrofoni?"

Nikaketi juu ya Shangazi. Miaka yote ile niliamini nilikuwa nimewadanganya watu saba, kumbe watu saba walikuwa wamenistahi mimi.

Dada Wanjiku alinipeleka kupimwa masikio wiki iliyofuata. Daktari alinichorea mstari unaoshuka kama barabara ya Bonde la Ufa. Wenzangu waliniambia nibaki. Pua zao zilikuwa bado na nguvu. Lakini nilimfahamu Ferdie vizuri: alibaki kwa sababu hakuwa na mahali pengine. Mimi nilikuwa na Nakuru, na baba mzee aliyekuwa bado akisubiri mhasibu. Vijana, vaeni vizibo vya masikio. Hilo ndilo fundisho la kitaalamu. Mengine ni porojo.

Onyesho langu la mwisho lilikuwa la harusi, Harrow, kwa Bwana Harish, Jumapili mchana, begi langu likiwa limefungwa chini ya meza ya sauti. Mjukuu wa mmoja wa wale bibi wa kwanza alikuwa anaolewa. Nikavaa suruali, nikasimama hatua kumi, Yvonne akapiga noti. Ikatikisika kidogo tu. Ile taa ya ukutani ilikuwa nyekundu, na wote tukasubiri umeme ukatike.

Haukukatika. Nikageuka. Bwana Harish, miaka sabini na kitu, alikuwa juu ya kiti mbele ya mlango wa jikoni, mpishi amemshika miguu, anakivika kile kimaikrofoni kofia ya sufi. Niliitambua. Tuliisahau pale siku ya kwanza, na Ferdie aliilalamikia mpaka alipoondoka, akisema imeibwa na mwimbaji.

"Ulijua, mzee?" nikamwuliza kwa sauti kubwa.

"Taa ya kijani siku nzima, na Wajamaika ndani? Mimi ni mtu wa Kisumu, si mtu wa jana. Piga muziki!"

Yvonne akapiga tena. Safari hii suruali ikapepea mpaka magotini. Nilisimama pale wimbo mzima, sikuisikia sauti ya juu hata moja, na hakuna nilichokosa. Kisha nikaivua suruali nyuma ya pazia, nikaitundika juu ya Shangazi wa kushoto kwa atakayenifuata, nikavaa ya safari na kuchukua begi. Bendi haikusimama; kwao ni mwiko. Yvonne aligusa sikio, akagusa moyo, ishara ambayo haikuwa kwenye orodha yetu.

Mlangoni Bwana Harish alinishika mkono, bado anahema kwa kupanda kiti.

"Nenda salama, Nakuru," akaniambia sikioni, polepole, kila neno mahali pake. "Waache wapige. Kofia nitaivua pale juu ukishafika Nairobi."